Ghala la Nabii Yusuf na kijana anayesomea tabianchi

  

Ijumaa moja ya hivi karibuni, baada ya swala, alitujia kijana akiwa na baba yake mzazi. Kijana amemaliza shahada ya kwanza ya jiografia na hisabati, na amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika sayansi na sera za mabadiliko ya tabianchi. Baba yake ni mkulima wa mpunga kutoka Pemba, na yeye ndiye aliyetaka shauri. Hakuwa na maneno mengi. Alituuliza mambo mawili: je, elimu ya kutabiri mvua si ule ukahini uliokatazwa? Na pili, mwanawe akiisha kuisoma, atakula nini?

Tulimjibu kwa ufupi, kwani watu walikuwa wakitoka msikitini na mzee alikuwa na safari ya boti. Lakini maswali yake hayakututoka. Tunajua kuwa yanaulizwa katika nyumba nyingi za Waislamu, mara nyingine kwa sauti, aghlabu kwa kunong'ona, na kwamba vijana wengi huachana na njia hii kabla ya kuianza kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa nao akawajibu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na lile la kwanza, kwani ndilo zito. Mwishoni mwa Suratu Luqman tunafundishwa kuwa ujuzi wa Kiyama uko kwa Mwenyezi Mungu, na kuwa Yeye ndiye ateremshaye mvua na ajuaye vilivyomo matumboni. Muislamu hana la kubishana hapo. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.), baada ya usiku wa mvua pale Hudaybiya, aliwatenga wale wanaoihesabu mvua kuwa ni fadhila ya Mola wao na wale wanaoinasibisha na nyota.

Sasa tutazame kilichokatazwa ni kipi. Kilichokatazwa ni kuipa nyota uwezo wa Muumba, na kudai kuijua ghaibu kwa ramli na majini. Mtaalamu wa hali ya hewa hana ramli. Ana vipimo vya joto la bahari, ana puto linalorushwa angani likiwa na chombo cha kupimia, ana picha za setilaiti, na ana daftari za mvua za miaka mingi. Anatazama mwenendo ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe ameuweka na kututaka tuuzingatie, kama ule wa aya ya 48 ya Suratur-Rum, ambapo tunaelezwa jinsi pepo zinavyoyainua mawingu, yakatandazwa mbinguni, kisha mvua ikaonekana ikitoka ndani yake. Daktari anayempima mama mjamzito kwa mashine na kumwambia kuwa mtoto ni wa kike hatumwiti kahini, ilhali vilivyomo matumboni vimetajwa katika aya ile ile inayotaja mvua. Basi kwa nini tumwite kahini anayepima joto la Bahari ya Hindi?

Huenda lugha yetu nayo imechangia mkanganyiko. Neno moja, utabiri, tunalitumia kwa mpiga ramli na kwa taarifa ya hali ya hewa ya redioni. Lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufasiri na kueleza, na mzizi wake ndio uliotumika katika aya ya 43 ya Suratu Yusuf, pale mfalme wa Misri anapowataka wakuu wake wamfasirie ndoto yake. Kwa hiyo neno hili, kwa asili yake, ni la mtu anayesoma dalili zilizo mbele yake na kuwaeleza wengine maana yake.

Wazee wetu wa pwani walilifahamu hilo. Walihesabu miongo tangu siku ya Mwaka, wakajua ni mwongo gani kaskazi inaanza kuvuma na ni mwongo gani kusi inafunga bahari, na kwa hesabu hiyo wakapanda na wakasafiri. Walikuwa watu wa swala tano, na hakuna aliyewaambia kuwa wametoka katika dini.

Tena kuna adabu katika elimu hii ambayo wengi hawaijui. Mtaalamu aliyefunzwa vyema hasemi kuwa mvua itanyesha kwa yakini. Anapotoa mwelekeo wa msimu anataja uwezekano: kiasi gani mvua kuwa juu ya wastani, kiasi gani kuwa ya wastani, kiasi gani kuwa chini yake. Sehemu kubwa ya masomo ya uzamili ni hesabu za uwezekano huo, na mwanafunzi hujifunza kuandika kinaganaga mahali ujuzi wake unapokomea. Sisi tunaona kuwa kijana aliyezoea kusema inshaallah kwa moyo, si kwa ulimi tu, ataipokea adabu hiyo kwa wepesi kuliko mwingine.

Ama swali la pili, la riziki, tunamrejesha msomaji katika sura ile ile ya Yusuf, kwani huko tunaiona kazi nzima ya watu wa fani hii. Hatumfananishi mwanafunzi wa chuo na Mtume, ujuzi wa Nabii Yusuf (A.S.) ulitoka kwa Mola wake. Tunachokitazama ni mpango uliofuata. Baada ya kufasiri ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda hakuishia kusema kuwa njaa inakuja. Alieleza la kufanya: walime miaka saba mfululizo, wanachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha wajiandae kwa miaka saba ya shida. Na katika aya ya 55 anaomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, akitaja sifa mbili za kustahiki kazi hiyo, nazo ni kuwa mlinzi na kuwa mjuzi.

Sifa hizo ni mbili, na hapa ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Mjuzi asiye na ghala mkononi ataonya, na onyo lake litabaki karatasini. Mwenye ghala asiye na ujuzi atalifungua mwaka wa neema na kulifunga mwaka wa njaa. Shahada hii ya sayansi na sera pamoja inakusudiwa kumtoa mtu mmoja mwenye sifa zote mbili. Upande mmoja mwanafunzi husoma fizikia ya anga, bahari, takwimu na mifano ya kompyuta. Upande wa pili husoma uchumi, sheria na mikataba, tangu ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 hadi Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015, na jinsi fedha za mifuko ya kimataifa zinavyoombwa na kusimamiwa. Mwenye shahada ya kwanza huulizwa mvua imenyesha milimita ngapi. Aliyepita hapa huulizwa: basi tufanye nini? Mabadiliko ya kazi yake yote yamo katika swali hilo.

Wala Waislamu si wageni wa jambo hili. Mwaka 861, sawa na mwaka 247 Hijria, Khalifa al-Mutawakkil aliamuru kijengwe kipimo cha maji ya mto Nile katika kisiwa cha Rawdha, mjini Cairo, na usimamizi wake ukahusishwa na mwanafalaki al-Farghani. Ni kisima chenye nguzo ya mawe iliyochongwa alama za dhiraa, na kipo hadi leo. Maji yalipofika takriban dhiraa kumi na sita, dola ilijua kuwa mavuno yatatosha, na kodi ya ardhi ikapangwa kwa kipimo hicho. Yalipopungua walijua njaa ipo mlangoni. Mwanafalaki alikuwa na kazi, na kazi yake iliingia moja kwa moja katika sahani ya mkulima.

Tusogee karibu na zama zetu, kwa ndugu zetu wa Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani yao, na kwa makadirio ya chini waliokufa walikuwa laki tatu. Kingine cha mwaka 1991 kiliua watu wapatao 138,000. Kile cha mwaka 2007, kilichoitwa Sidr, nacho kikali mno, kiliua wapatao 3,400. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa kabla hakijafika, na waliofariki nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Bahari ni ile ile na pwani ni ile ile, nyanda za chini zisizo na kilima. Kilichobadilika ni kwamba onyo lilianza kutolewa mapema, majengo ya kukimbilia yalijengwa, na maelfu ya watu wa kujitolea walifundishwa kupita kijiji kwa kijiji wakiwa na vipaza sauti. Palikuwa na mtu wa kuusoma upepo na mtu wa kuamua majengo yale yawekwe wapi.

Katika nchi hiyo alitokea Saleemul Huq, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alisomea elimu ya mimea hadi kupata uzamivu katika chuo cha Imperial College, London. Angeweza kubaki na majani yake katika maabara, na asingelaumiwa. Alirudi Dhaka, katika miaka ya 1980 akashiriki kuanzisha kituo cha utafiti, kisha mwaka 2009 akaanzisha kituo kingine cha kufundisha vijana wa nchi maskini elimu ya kukabiliana na mabadiliko haya. Kwa karibu miaka thelathini hakuukosa mkutano wa mwaka wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, akizishauri nchi dhaifu namna ya kudai haki yao kwa wale waliolichafua anga. Mfuko wa hasara na uharibifu, alioupigania kuliko takriban mtu mwingine yeyote, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai Novemba 2023. Yeye alifariki Oktoba 28 ya mwaka huo, mwezi mmoja kabla.

Kwetu hapa mfano haukosekani. Dk. Agnes Kijazi, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, alichapisha mwaka 2005 na 2009, pamoja na Chris Reason wa Chuo Kikuu cha Cape Town, tafiti kuhusu mvua, ukame na mafuriko ya nchi yetu. Dk. Ladislaus Chang'a, aliyemfuata katika uongozi wa taasisi hiyo, mwaka 2010 alichapisha pamoja na Profesa Pius Yanda na mwenzao mwingine utafiti wa jinsi wakulima wa Nyanda za Juu Kusini Magharibi wanavyobashiri mvua kwa kutazama miti, ndege na wadudu. Julai 2023, mjini Nairobi, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC. Tunapenda kulitaja hilo la ndege na wadudu, kwa kuwa baba yule wa Pemba alidhani kuwa msomi atakuja kuyadharau aliyoyarithi kwa wazee wake. Kumbe msomi aliyasikiliza, akayaandika, na kazi hiyo ikawa sehemu ya njia iliyomfikisha alipofika.

Na haja ya wasomi wa kwetu ni kubwa kuliko idadi yao. Kuna fumbo moja ambalo wanasayansi wa dunia hawajalimaliza: kwa miongo kadhaa ya karibuni mvua za masika katika Afrika Mashariki zimeonekana kupungua, ilhali mifano mingi ya kompyuta inaonyesha kuwa zitaongezeka. Mifano hiyo mingi imetengenezwa mbali, na watu ambao hawajawahi kuisubiri masika. Nani atalifumbua fumbo hili kwa uchungu zaidi kuliko mtoto wa mkulima?

Kuhusu kazi zenyewe, zipo katika mamlaka za hali ya hewa, katika ofisi za mazingira za serikali, na katika kituo cha ICPAC kilichoko Kenya, kilichoanza mwaka 1989 kikiwa cha kufuatilia ukame. Agosti 2023 kituo hicho na Mamlaka yetu walitangaza mapema kuwa vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua kubwa za El Niño, na zikaja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, onyo lilitangulia na boti zikasimama. Nyuma ya kila tangazo la namna hiyo kuna mtu aliyekaa darasani miaka mingi. Siku hizi hata benki zinawatafuta watu hawa. CRDB, kwa mfano, ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019.

Hapa msomaji wetu atauliza habari ya riba, na ana haki ya kuuliza. Jawabu letu ni kwamba mlango wa halali upo, ila unangoja watu wa kuuingia. Mwaka 2018 serikali ya Indonesia ilitoa sukuk ya kijani ya dola bilioni 1.25. Na karibu zaidi, katika kaunti ya Wajir nchini Kenya, kampuni ya Takaful Insurance of Africa pamoja na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI walianzisha takaful ya mifugo: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila ya mtu kwenda kuhesabu mizoga. Wafugaji wa kwanza walilipwa mwaka 2014. Mpango ule uliwahitaji watu wanaoielewa setilaiti na watu wanaoielewa fiqhi ya muamala, nao wakakaa meza moja. Kijana atakayezibeba elimu hizo mbili kichwani mwake, hatuoni namna atakavyokosa kazi.

Tusifiche hata hivyo yaliyo machungu. Zipo kazi katika fani hii ambazo ni semina na posho, na ripoti zinazoandikwa kwa ajili ya kabati. Zipo nyingine nyingi zinazosimama juu ya fedha za wafadhili. Mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 kutahadharisha njaa, ulizimwa Januari 2025 serikali ya huko ilipokata misaada yake, na ukakaa kimya kwa miezi. Wataalamu waliotegemea mikataba ya namna hiyo walijikuta nyumbani. Kijana anayeingia aingie akijua.

Lakini ukweli huo unatuelekea sisi kabla ya kumwelekea yeye. Tunazo wakfu za nyumba na mashamba, Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam. Wakfu ndizo zilizowalisha wanafunzi wa Kiislamu kwa karne nyingi. Ni wakfu ngapi leo zinazomlipia hata mwanafunzi mmoja ada ya uzamili? Na shule zetu za sekondari za Kiislamu, ambazo tunazipenda na tumezichangia, ni ngapi zenye mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita? Hakuna njia ya kuifikia elimu ya anga isiyopitia hisabati na fizikia. Tukiwafungia watoto wetu mlango huo wakiwa na miaka kumi na saba, tusije tukashangaa baadaye kwamba hawamo katika orodha za wataalamu.

Turejee kwa mzee wetu. Kabla hawajaondoka alituuliza swali la tatu, ambalo nadhari yetu inatuambia ndilo lililomleta. Bonde lake la mpunga limeingiwa na maji ya bahari. Miche inaota, kisha ncha zinageuka rangi ya kutu. "Ustadh," alisema, "hiyo elimu italirudisha bonde langu?"

Tulimwambia kweli: huenda lisirudi. Ila tulimuuliza kama kuna tuta lililojengwa kuzuia bahari. Akasema lipo, lakini maji hupita pembeni yake. Nani aliamua lianzie pale lilipoanzia? Akajibu kuwa walikuja watu na gari, wakapima siku moja, wakaondoka, na hakuna aliyewauliza wenyeji maji ya bamvua huingilia upande gani. Mwanawe, aliyekuwa kimya muda wote, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaujua upande huo, kwani ndiko alikokuwa akivua kamba utotoni.

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akatuomba kalamu, akamtaka kijana aandike jina la shahada ile kwa herufi kubwa ili akalisome mwenyewe nyumbani kwa mama yake. Akakikunja kikaratasi, akakitia ndani ya kofia yake, na wakaondoka kuwahi boti.

Wallahu aalam.